Mtaa wa Jangwani Uliojengwa kwa Boriti za Rufiji

Ukisimama juu ya Daraja la Magufuli, pale mto Kilombero unapotenganisha Ifakara na upande wa Ulanga, maji unayoyaona chini yana safari ndefu. Mbele huko yanakutana na mto Luwegu, na kuanzia hapo mto unaitwa Rufiji. Rufiji unapokea maji ya Ruaha Mkuu, unapita Bwawa la Julius Nyerere, kisha unagawanyika matawi matawi na kuingia baharini katikati ya msitu wa mikoko. Zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji yanatoka kwenye bonde letu hili. Sisi tunaopanga vyumba Katindiuka tunaujua mto huu kwa mafuriko, kwa mpunga na kwa perege. Leo nataka tuufuate mbali zaidi, mpaka kwenye mtaa mmoja wa zamani katika mji wa Dubai, nchi ya jangwa, ambako dari za nyumba zilibebwa na miti ya mikoko kutoka pwani yetu ya Afrika Mashariki.

Nina sababu ya kuuleta mtaa huo kwenye jarida letu. Kila mwaka hapa chuoni kuna ubishi uleule: nyumba za zamani zitunzwe au zibomolewe? Wengi wetu, tena wasomi kabisa, tunasema zibomolewe. Kwamba nyumba kuukuu ni umaskini tu, na anayeisifia ni mtalii ambaye kesho anarudi kwao kulala kwenye kiyoyozi. Hoja hiyo si ya kijinga, na ndiyo maana naomba tuiangalie kwa mfano wa mji ambao haukuwa na shida ya pesa. Kama Dubai, yenye uwezo wa kubomoa na kujenga chochote, iliamua kubakiza mtaa wa mawe na udongo, ilikuwa inabakiza nini hasa? Na ilifanikiwa?

Safari ya boriti

Babu yangu mzaa mama ni Mrufiji, na ujana wake ulikwisha kwenye mikoko. Kazi yao ilikwenda kwa saa ya bahari. Maji yakijaa, mtumbwi unaingia hadi ndani ya msitu. Maji yakitoka, mnashuka kwenye matope na kukata. Yakirudi, mnatoka na mzigo. Miti ilipangwa kwa unene: fito ndiyo nyembamba kabisa, halafu pau, mazio, boriti, na mwisho nguzo. Mti wa mkoko ni mgumu na mzito, na mchwa hauupendi, kwa hiyo ulikuwa na soko kila palipojengwa nyumba ya mawe.

Soko kubwa lilikuwa Uarabuni na Ghuba, ambako miti mirefu ya kujengea haipatikani. Majahazi yalishuka na upepo wa kaskazi kuanzia Desemba, yakileta tende, chumvi, papa na mazulia. Upepo ulipogeuka kuwa kusi, yalirudi na boriti. Mwaka 1939 baharia na mwandishi Mwaustralia, Alan Villiers, aliingia delta ya Rufiji ndani ya jahazi la Wakuwait lililokuja kuchukua shehena hiyo. Akashuhudia jinsi mabaharia walivyohangaika kwenye matope, joto na mbu kupata mzigo wa kwenda kuuza Ghuba.

Boriti iliamua hata umbo la nyumba. Mti ulionyooka na wenye nguvu ya kubeba dari una urefu wa kama mita 3. Fundi angeweza kurefusha chumba apendavyo kwa kupanga boriti nyingi sambamba, lakini hakuweza kukipanua kuliko urefu wa mti. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale za Lamu, Unguja, Maskati, Dubai na Kuwait vinafanana: virefu na vyembamba. Watu wa lugha na desturi tofauti walilala kwenye vyumba vya upana mmoja kwa sababu mti ulikuwa mmoja.

Biashara hiyo ilififia baada ya vita vya pili vya dunia. Pesa za mafuta zilileta chuma na saruji Ghuba, na huku kwetu serikali zikaanza kuilinda mikoko. Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nje mwaka 1982.

Nyumba inayovuta upepo

Mtaa wenyewe zamani uliitwa Bastakiya. Siku hizi jina rasmi ni mtaa wa kihistoria wa Al Fahidi, kutokana na ngome ya Al Fahidi iliyo jirani, ya mwaka 1787, ambayo inahesabiwa kuwa jengo kongwe kuliko yote Dubai. Uko kando ya khori, upande wa Bur Dubai. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayekwenda kufunga mzigo Deira yuko ng'ambo tu ya maji. Akipanda boti ndogo wanazoziita abra, anafika kwa dakika chache.

Waliouanzisha walikuwa wafanyabiashara kutoka mji wa Bastak, Uajemi, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Upande wa kwao ushuru wa forodha uliwabana, na mtawala wa Dubai akaona nafasi: akaondoa ushuru na kuwapa mahali pa kujenga. Walijenga kwa mawe ya matumbawe yaliyotolewa baharini, wakapiga lipu ya jasi, wakaezeka kwa boriti na makuti ya mtende.

Sasa fikiria joto la pale. Kiangazi kinavuka nyuzi 40, na unyevu wa bahari juu yake. Umeme hakuna. Utaishije? Jibu lao lilikuwa mnara wa upepo, barjeel kwa Kiarabu. Ni mnara wa mraba unaosimama juu ya paa, wazi pande zote nne. Ndani yake kuna kuta mbili zinazokatana kama herufi X, zinazougawa mnara kuwa mifereji minne. Upepo ukija kutoka upande wowote unagonga ukuta wa ndani na kushuka kwenye chumba cha chini, wakati hewa ya moto inapanda na kutokea upande wa pili. Huhitaji kuugeuza wala kuuwasha.

Na mnara haukufanya kazi peke yake. Kuta nene za matumbawe, zenye vitundu vidogo vidogo, zilichelewesha joto kuingia. Vichochoro, vinavyoitwa sikka, vilikuwa vyembamba ili nyumba moja iipe nyingine kivuli. Vyumba viliizunguka behewa, na mlango uliwekwa kwa namna ambayo mgeni akiingia haoni moja kwa moja waliko wenyeji. Kwa hiyo ukisema "hifadhi nyumba hii", unachohifadhi ni akili nzima ya kuishi mahali hapo. Ukiing'oa nyumba moja na kuizungushia barabara pana, mnara bado utakuwepo, lakini kivuli cha jirani kimeondoka.

Mtaa ulivyonusurika

Mafuta yaligunduliwa Dubai mwaka 1966. Umeme na viyoyozi vikaenea, magari yakaja, na vichochoro havikupitisha gari. Familia zenye uwezo zikahamia mitaa mipya. Hapa tuwe wakweli: hawakufukuzwa, waliondoka kwa hiari yao, kama ambavyo mimi na wewe tungeondoka. Nyumba zikageuka maghala na malazi ya vibarua wa kigeni waliobanana chumba kimoja watu wengi. Hakuna aliyezipiga lipu tena. Kufikia miaka ya 1980, karibu nusu ya mtaa ilikuwa imebomolewa kupisha ofisi za utawala, na iliyobaki ikawa kwenye mpango wa kufuata njia hiyohiyo.

Aliyepiga kelele alikuwa mpangaji. Rayner Otter, msanifu majengo Mwingereza, alikuwa ameikarabati nyumba moja ya mtaa huo na kuishi humo. Aliposikia mpango wa kubomoa, alianza kampeni na kumwandikia mrithi wa ufalme wa Uingereza, Charles, ambaye kwao alijulikana kwa kutetea majengo ya kale. Charles alipozuru Dubai mwaka 1989, aliomba kuuona mtaa, akatembezwa, na akasema unastahili kubaki. Ubomoaji ukasimamishwa. Halmashauri ya mji ikaanza kukarabati nyumba moja baada ya nyingine, na minara ikarudi kusimama.

Kisa hiki husimuliwa kama ushindi, na ni ushindi kweli. Lakini kina pande mbili. Kwanza, ilibidi mgeni mkubwa aseme ndipo mtaa upone, na si kila mtaa una bahati ya kutembelewa na mwana wa mfalme. Pili, waliookolewa ni kuta. Leo nyumba za Al Fahidi ni majumba ya sanaa, makumbusho madogo, mikahawa, hoteli ndogo na kituo cha kuwaelezea wageni mila za nchi. Panapendeza, pana utulivu, na mtu anajifunza mengi pale. Ila si mtaa wa familia tena. Chumba kilichojengwa ili bibi alale mchana wa joto sasa kinaingia mtu wa kupiga picha mnara, na kiyoyozi kinaunguruma pembeni.

Sisemi walikosea. Wakati wanaanza kukarabati, wenyeji walikuwa wameshaondoka miaka mingi. Ninachosema ni kwamba kuhifadhi kulianza kwa kuchelewa, na kinachochelewa kuhifadhiwa hubaki ganda.

Mfano wa nyumbani: Mji Mkongwe

Sisi tuna mfano wetu, na matatizo yake yamekwenda kinyume kabisa. Mji Mkongwe wa Zanzibar una majengo zaidi ya 1,700, ya mawe na chokaa, mengi yakiwa na boriti zilezile kwenye dari. Si mji wa jangwa, lakini ni ndugu wa Bastakiya kwa damu ya biashara. Tofauti ni kwamba watu bado wanaishi. Asubuhi wanafunzi wanatoka na sare, jioni wazee wako barazani, na mwenye duka la kichochoroni anakujua jina.

Kinachoanguka pale ni kuta. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wamiliki wengi waliondoka, serikali ikachukua nyumba nyingi na kuweka wapangaji kwa kodi ndogo. Kodi ndogo iliwasaidia watu wa kawaida kupata makazi, lakini haikutosha kutengeneza paa. Mwaka 1985 iliundwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, na mwaka 2000 UNESCO ikauandika mji kwenye orodha ya urithi wa dunia. Orodha hiyo ina heshima yake, ila haizibi paa linalovuja. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka wakati matengenezo yakiendelea. Watu wawili walikufa.

Kwa sisi wa kozi za afya, njia ambayo nyumba ya mawe inakufa ni rahisi kuielewa, kwa sababu ina hatua kama ugonjwa. Huanzia kwenye maji. Bati limetoboka au mfereji wa paa umeziba, maji yanashuka ndani ya ukuta. Ncha ya boriti iliyozama ukutani inalowa na kuoza, mahali ambapo macho hayafiki. Boriti hubeba sakafu, na pia huzishika kuta mbili zisiachane. Ncha ikioza, sakafu inalegea, ukuta unaanza kutoka nje kidogo kidogo, na siku moja ya masika unalala barabarani. Watu wanasema nyumba "imeanguka ghafla". Haikuanguka ghafla, ilikuwa inaumwa miaka kumi.

Na kuna tiba inayoua. Mwenye nyumba akiona lipu inabanduka, anamwita fundi apige saruji, maana saruji ni imara. Lakini ukuta wa zamani umejengwa kwa chokaa, na chokaa hupumua: unyevu unaingia na kutoka. Saruji inauziba. Maji yaliyomo ndani yanakosa pa kutokea, chumvi inajikusanya, na ukuta unaliwa kwa ndani huku nje unang'aa. Mafundi wanaojua kuloweka na kupiga chokaa vizuri si wengi, na fundi mmoja akifa bila mwanafunzi, hasara yake ni kubwa kuliko ya kuanguka ukuta mmoja.

Sasa ongeza utalii. Nyumba iliyokarabatiwa vizuri inavutia mwekezaji, na mwekezaji analipa kuliko familia yoyote ya warithi kumi na wawili wasioelewana nani anunue bati. Familia inahamia Mwanakwerekwe au Fuoni, nyumba inakuwa hoteli. Ukuta umepona. Mwenyeji kaondoka. Kwa njia hiyo Mji Mkongwe unaweza kupona maradhi yake ya kuporomoka na kuambukizwa ya Bastakiya.

Kwa hiyo jibu langu kwenye ubishi wetu ni hili: mtaa wa kale unahifadhiwa na watu wanaoishi humo, mradi wawe na sababu ya kubaki na uwezo wa kutengeneza. Ukiwaacha na sababu bila uwezo, kuta zitawaangukia. Ukileta uwezo unaowaondoa, utabaki na mandhari. Matengenezo madogo ya kila mwaka, mfereji uliozibuliwa na lipu ya chokaa iliyorudiwa, ni rahisi kuliko ukarabati mkubwa wa kila baada ya miaka hamsini. Wahenga walishasema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa hata hatuhitaji kutafuta maana ya ndani.

Turudi Katindiuka

Utauliza, haya yanatuhusu nini? Ifakara hakuna minara ya upepo wala milango ya kuchonga. Ni kweli. Lakini akili ya kuishi mahali ipo kila mahali. Kwenye mtaa ninakopanga kuna nyumba chache za zamani zilizobaki, zenye kibaraza kirefu mbele, paa lililoshuka kukikinga ukuta na jua, na mwembe uliopandwa upande wa jua la mchana. Kando yake zinainuka nyumba za kupangisha wanafunzi: vyumba sita au nane vimepangwa mstari, matofali ya saruji, bati liko chini, dirisha moja dogo, kibaraza hakuna, mti umekatwa ili chumba kimoja kiongezeke. Saa nane mchana geto linachemka. Unanunua feni, umeme ukikatika unatoka nje na daftari lako, na nje hakuna kivuli.

Nisieleweke vibaya, sitaki turudi kwenye kila cha zamani. Hapahapa Ifakara, kwenye maabara iliyoanzishwa na Waswisi miaka ya 1950 na ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, utafiti wa miaka mingi umeonyesha jinsi mbu wa malaria wanavyopenda kupita kwenye uwazi ulioachwa kati ya ukuta na paa. Uwazi uleule uliokuwa ukitoa hewa ya moto kwenye nyumba ya babu zetu ndiyo mlango wa mbu. Mtu aliyehifadhi nyumba hiyo bila kubadilisha kitu atakuwa amehifadhi na malaria. Lakini aliyeuziba kwa tofali ametuachia tanuri. Wavu unaokubali hewa na kukataa mbu unatatua yote mawili, na hauondoi kibaraza wala mwembe. Huko ndiko kuhifadhi ninakokutaka: kujua kila kipande cha nyumba kiliwekwa kwa kazi gani, kisha kuamua kipi kibaki na kipi kibadilishwe.

Katika hili sisi wanafunzi si watazamaji. Vyumba vingi vinavyojengwa Katindiuka vinajengwa kwa ajili yetu, na mwenye nyumba hujenga kile ambacho mpangaji atalipia. Kwa miaka tumekuwa tukiuliza maswali matatu tu: bei gani, maji yapo, luku ni ya kujitegemea? Tuongeze mengine. Kuna wavu? Hewa inatokea wapi? Kibaraza kiko wapi, na kile kivuli kitaachwa? Serikali ya wanafunzi ina orodha ya nyumba za kupanga ambayo husambazwa kwa mwaka wa kwanza kila muhula wa kwanza unapoanza. Napendekeza majibu ya maswali haya yaandikwe kwenye orodha hiyo, mbele ya jina la kila nyumba, kuanzia mwaka huu. Mwenye nyumba akiona vyumba vyenye kibaraza vinaisha mapema kuliko vyake, hatahitaji semina.